Taa zikiungua tuzipeleke wapi? Barua ya wazi kwa wanaosimamia taka na mazingira Dodoma

Waheshimiwa,

Mbukwenyi. Mimi si Mgogo, lakini miaka 19 ya kupanda ngazi kwenye nyumba za watu mjini hapa imenifunza kwamba salamu hutangulia ombi. Ni fundi umeme. Nimefunga taa Chang'ombe kwenye vyumba vya kupanga vyenye holda moja katikati ya dari, nimefunga Ilazo na Kisasa kwenye nyumba ambazo hata ngazi zina taa zake za miguuni. Nawaandikia ninyi mnaoshika taka, mazingira na ubora wa bidhaa katika jiji hili, kila mmoja kwa nafasi yake, kwa sababu nina swali ambalo kila ninayemuuliza ananielekeza kwa mwingine. Taa ikishaungua, tuipeleke wapi?

Nalisema mapema msije mkadhani naleta malalamiko ya umeme kukatika. Hayo mmeshayasikia vya kutosha. Mimi naongelea kile kinachobaki mkononi mwa fundi baada ya kufungua taa mbovu na kuweka mpya.

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilirudi kutoka kazini na tyubu nne za futi 4 nilizozitoa dukani kwa mteja. Nikaziegemeza ukutani nje ya stoo, nikaingia ndani kunawa. Sijafikia hata taulo, nikasikia paa! Kisha paa! ya pili. Ndani ya tyubu hewa ni haba sana kuliko ya nje, kwa hiyo ikivunjika kioo hupasukia ndani na kulia kama fataki. Watoto wa uani walikuwa wameligundua hilo bila kufundishwa na mtu. Nilipotoka nikakuta wawili wanapigana mapanga na zile mbili zilizobaki, na kabinti ka miaka minne au mitano kamechuchumaa kwenye vioo, kanafuta ule unga mweupe wa ndani kwa kidole na kujipaka shavuni.

"Fundi, ona. Nimepaka poda."

Kosa lilikuwa langu, wala simtupii mtu. Tyubu haziachwi nje penye watoto, maana ndani yake mna zebaki, ile metali ya majimaji yenye sumu, na mimi najua. Nikawaondoa wote pale, nikamwosha yule binti uso na mikono kwa maji mengi na sabuni, nguo yake nikaomba avuliwe. Mama yake akaja na ufagio wa chelewa. Nikamzuia. Ufagio huurusha ule unga hewani, kisha wenyewe unabaki nao kwenye njiti, na kesho yake unafagiliwa jikoni. Vioo niliviokota kwa vipande viwili vya boksi gumu, masalia nikayagusagusa kwa solotepu, mwisho nikapitisha karatasi ya chooni iliyoloweshwa. Vyote vikaingia kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko. Ingetokea chumbani, ningefungua madirisha, nikatoa kila mtu, nikafunga mlango na kusubiri kama robo saa kabla ya kugusa chochote, na feni nisingeiwasha.

Mama yule alinitazama muda wote bila kusema. Nilipobana mfuniko akauliza: "Sasa hilo kopo unalipeleka wapi?"

Lipo stoo mpaka leo.

Pengine wengi wenu hamjawahi kumwaga taa mbovu sakafuni mkazichambua, kwa hiyo nivumilieni niwafungulie hiyo stoo.

Kuna glopu ya njano, ile ya mababu. Ukiitikisa sikioni inalia kacha-kacha, ni ule uzi wa ndani umekatika. Wakati mwingine kioo kimekuwa cheusi kama glasi ya kibatari. Hii haina sumu ya kutisha: kioo, bati, uzi wa tangsteni, basi. Hatari yake ni kukata mkono wa mzoa taka, kwa hiyo ifunge kwenye gazeti au boksi kabla ya kuitupa, na usiichanganye na chupa za soda maana ina nyaya ndani na kitako cha bati. Ubaya wake ulikuwa kwenye luku. Katika umeme inaokula, mwanga ni kama asilimia 5 tu, unaobaki wote ni joto. Wafugaji wa vifaranga wanaipenda kwa sababu hiyohiyo, na wateja wangu wawili wa Miyuji bado wananiagiza niwatafutie kwa ajili ya bruda. Kwa sebuleni ilishapitwa. Ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku inakula uniti 9 kwa mwezi. LED ya wati 9 yenye mwanga kama huo inakula uniti 1 na theluthi. Haijoni, ile ya kioo inayowaka kwa joto kali sana, ni ndugu yake, nayo haina zebaki.

Kisha kuna tyubu, na kuna ile iliyojikunja kama jalebi ambayo wengi tunaiita enejisava. Hizi mbili ni kitu kimoja, ya pili ni tyubu iliyokunjwa ikapachikwa kwenye kitako. Tyubu iliyochoka utaijua kwa ncha zilizopiga weusi. Enejisava iliyochoka utaijua shingoni: plastiki imegeuka kahawia, na ukiinusa inanuka kama waya ulioungua. Zote mbili zina zebaki. Zebaki hiyo haikuwekwa kwa bahati mbaya, ndiyo injini yenyewe. Umeme unapita kwenye mvuke wa zebaki, mvuke unatoa mnururisho ambao macho yetu hayauoni, ule unga mweupe unaupokea na kuugeuza kuwa mwanga tunaousomea. Toa zebaki, hakuna taa.

Neno zebaki si geni ukanda huu. Vijana waliokwenda machimbo madogo ya dhahabu Singida au Geita wameishika kwa mikono, wanajua inavyokamata dhahabu kwenye karai na inavyochomwa mpaka ipae. Kwenye enejisava moja zimo miligramu 3 mpaka 5 hivi. Kwenye tyubu mara nyingi ni zaidi kidogo, na zile nene za zamani zina zaidi tena. Kipimajoto cha kioo cha hospitali, kile cha zamani chenye uzi wa fedha ndani, kina nusu gramu au hata zaidi, yaani sawa na enejisava zaidi ya mia.

Usiku mmoja nilizihesabu za kwangu. Enejisava 148, tyubu 63. Nikikadiria miligramu 4 kwa kila enejisava na 8 kwa kila tyubu, stoo yangu yote ina gramu 1 na ushee. Zebaki ni nzito sana, kwa hiyo ukiikusanya yote hiyo haifiki matone mawili ya maji.

Najua mtakavyosema. Fundi, matone mawili, ndiyo unatuandikia barua ndefu hivi? Ni swali la haki. Sitaki kumtisha mtu. Enejisava moja ikivunjika nyumbani kwako, ukafungua dirisha na kusafisha vizuri, hutakufa wala hutaugua. Taa nzima inayowaka haitoi chochote. Nachukia zile jumbe za kusambazwa kwenye simu zinazosema familia nzima imeangamia kwa taa moja.

Tatizo ni kwamba zebaki haiozi. Ganda la ndizi ukilifukia, msimu ujao ni udongo. Zebaki ukiifukia leo utaikuta, na kama hutaikuta ni kwamba imehama. Hupaa hewani hata bila moto, na kadiri joto linavyopanda ndivyo inavyopaa zaidi, na joto la Dodoma mwezi wa kumi na moja mnalijua. Ukiichoma kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, kama tunavyofanya wengi, unaitoa kwenye kioo na kuiweka kwenye moshi, na moshi huo unaingia kwa jirani anayeanua nguo. Ikivutwa inagusa ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni ndiye mnyonge kuliko wote. Ikifika kwenye maji, vijidudu vinaigeuza kuwa aina mbaya zaidi, inaingia kwa samaki wadogo, wadogo wanaliwa na wakubwa, na wakubwa tunawala sisi. Njia hiyo ya samaki ndiyo iliyowafikia watu wa Minamata, Japani, ambako kiwanda kilimwaga zebaki ya aina hiyo mbaya kwenye ghuba, na mwaka 1956 madaktari wakatangaza ugonjwa ambao kwanza ulionekana kwa paka wa wavuvi waliokuwa wakicheza dansi ya ajabu kabla ya kufa. Kile kilikuwa kiwanda, si taa za nyumbani, najua tofauti. Ila mji unaokunywa maji ya visima vya Mzakwe haufai kuzoea kufukia kitu ardhini kabla ya kuuliza ni kitu gani.

Halafu si stoo yangu peke yake. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 410,956 hapa Dodoma mjini. Ya 2022 ikatukuta 765,179. Kila chumba kilichoongezeka kati ya sensa hizo mbili kina holda, na kila holda imeshabadilishiwa taa mara kadhaa. Zilizotoka zimekwenda wapi? Nyingi naziona kwenye viroba vya taka asubuhi gari likipita, zimechomoza shingo juu ya maganda ya viazi. Kijana anakikumbatia kiroba kifuani ili akirushe juu, hana glavu, vioo vinapasukia kifuani kwake. Nyingine wanazipata waokotaji. Wao wanataka kile kitako cha bati na choki, kile kifaa cha kuwashia tyubu chenye waya wa shaba, kwa hiyo wanazigonga kwenye jiwe moja baada ya nyingine, wamezichuchumalia, pua iko juu yake. Siwalaumu, shaba ina bei.

Sasa niseme lile lililonikaa rohoni zaidi, nami nimo ndani yake.

Miaka michache nyuma niliitwa kama kibarua wa mkandarasi kwenye jengo moja la ofisi, sitalitaja. Kazi ilikuwa kutoa taa zote za tyubu na kuweka paneli za LED. Kazi nzuri, na uamuzi mzuri. Kila taa ya dari ilikuwa na tyubu nne za futi 2. Tulifanya siku tatu, na mwisho wake ukumbini palikuwa na rundo la tyubu zaidi ya 600, nyeupe, zimelala kama kuni. Nikamuuliza msimamizi mzigo ule unakwenda wapi. Akajibu bila kuinua macho kwenye simu: "Nyuma kuna shimo."

Tukazibeba kwa mabega. Shimo likajaa kabla hazijaisha, kwa hiyo wakashuka vijana wawili na mipini ya sururu wakazitwanga zishuke chini ili nyingine zipate nafasi. Vumbi jeupe lilipanda mpaka magotini. Mmoja alijifunga shati puani, mwingine alikuwa anaimba. Nilisimama juu ya shimo na nikanyamaza, maana malipo yangu yalikuwa bado. Jioni ile mkandarasi alitudai risiti ya kila pakiti ya skrubu, tena kwa ukali. Ya tyubu 600 hakuna aliyeuliza.

Ndiyo maana ombi langu la kwanza haliendi kwa mama wa Nkuhungu mwenye enejisava mbili. Linakwenda kwenye majengo. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, ofisi ngapi zimekarabatiwa, mabweni mangapi, zahanati, kumbi, benki? Penye dari ya mraba-mraba pana tyubu, na kila ukarabati unazitoa zote kwa siku moja. Taa zinazotoka kwenye jengo moja kwa mkupuo zinazidi nitakazozitoa mimi nyumba kwa nyumba miaka kadhaa. Na hapo ndipo pepesi kupashika, kwa sababu kuna mkataba, kuna mkandarasi, kuna hundi. Wekeni mstari mmoja kwenye mkataba: tyubu zitolewe nzima, zirudi kwenye maboksi ya zile mpya, zikabidhiwe mahali fulani, na hundi ya mwisho isitoke bila hati ya makabidhiano. Nawahakikishia, mkandarasi anayetunza risiti za skrubu atatunza na hiyo.

Sheria haikosekani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo tangu 2004, na mwaka 2021 zikatoka kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki. Kimataifa nako kuna Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao nchi yetu iliutia saini siku ileile uliyofunguliwa, tarehe 10 Oktoba 2013, na baadaye ikauridhia. Chini ya mkataba huo, enejisava za kawaida zenye kitako chake hazitakiwi kutengenezwa, kuingizwa wala kuuzwa nje ya nchi baada ya mwaka 2025. Tyubu nazo, kwa makubaliano ya Geneva ya mwaka 2023, zinafikia ukomo wake mwishoni mwa 2027. Na hapa niwape Waafrika wenzangu maua yao: nchi za bara letu ndizo zilizosukuma sana taa hizi ziondoke, zikikataa Afrika igeuzwe jalala la teknolojia ambayo wengine wanaiacha.

Lakini someni vizuri. Mkataba unazuia taa mpya kuingia. Haumwambii mtu avue iliyopo darini, wala hauokoti iliyokwisha kufa. Kwa hiyo za kwenye dari zitaendelea kuungua moja moja kwa miaka kadhaa ijayo, na ofisi zitakazotaka kwenda na wakati zitazitoa kwa mamia. Miaka hii tuliyomo ndiyo miaka ya taka hizi. Tukisubiri miaka 10, hamtahitaji kuweka mahali pa kuzipokea, kwa sababu zote zitakuwa zimeshapasuliwa.

Mahali penyewe hapahitaji kuwa na fahari. Sijaomba kiwanda. Mitambo ya kuchakata taa hizi ipo duniani na kazi yake inaeleweka: inazivunjia ndani ya chumba kilichozibwa, inafyonza hewa kupitia kichujio cha kaboni, kioo kinakwenda kwake, kofia za alumini kwake, ule unga unapashwa moto zebaki itoke na kukusanywa. Hilo ni la baadaye, na pengine ni la nchi nzima na si la mji mmoja. Cha leo ni kontena moja kavu, lenye kivuli, lenye kufuli, lililoandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka, na mtu mmoja anayejua kwamba tyubu hazifungwi pamoja kwa gundi wala hazirundikwi zikalaliana bila boksi. Taa nzima inaweza kukaa humo miaka bila kumdhuru mtu. Hata kule dampo la Chidaya, ikitengwa kona yake yenye paa, ni afadhali mara mia kuliko kuzichanganya na maganda.

Na za majumbani zifikeje huko? Msije mkaunda kamati. Tayari tunajua kurudisha vitupu. Kreti ya soda hupewi bila chupa tupu, mtungi wa gesi hubadilishiwi bila kubeba mtupu, na hakuna mtu aliyewahi kuhitaji semina kwa hilo. Muuza vifaa vya umeme pale Majengo au Sabasaba akiwa na boksi gumu nyuma ya kaunta, mteja akija na taa mbovu ili apate inayofanana nayo (na wengi huja nayo kweli, kwa sababu hawakumbuki kama holda yao ni ya pini au ya kuzungusha), ile mbovu inabaki pale. Leo anarudishiwa mkononi. Mpeni muuzaji sababu ndogo tu, hata kupunguziwa ushuru wa taka, na mpitishieni gari mara moja kwa mwezi. Ile Jumamosi ya usafi ya mwisho wa mwezi ingefaa.

Watu watakubali? Mliuliza hivyohivyo juu ya mifuko ya rambo. Tarehe 1 Juni 2019 ilifika, na wiki ile ile nilimuona bibi mmoja sokoni ametoa kikapu cha ukindu ambacho nadhani kilikuwa darini tangu enzi za Mwalimu. Watu wakipewa tarehe na mahali, wanafuata. Kwenye taa hatujapewa hata kimoja.

Nigusie LED, maana najua mtu atasema suluhisho limeshapatikana, sote tumehamia huko. Ni kweli hazina zebaki, na mimi siku hizi sifungi kitu kingine. Ila magunia mawili ya stoo yangu yamejaa LED, nimeacha kuzihesabu. Fungua moja, kile kifuniko cheupe kinatoka kwa kuzungusha. Ndani utaona punje za njano zimepangwa duara, na moja ina kidoa cheusi katikati kama jicho la samaki. Hiyo ndiyo iliyokufa. Zimeungwa kwa mfululizo, moja ikifa zote zinazima. Vijana wetu wanaunganisha juu ya ile iliyokufa kwa tone la risasi ya kuchomelea, taa inawaka tena, mteja anafurahi, lakini punje zilizobaki mara nyingi zinabebeshwa mzigo zaidi na baada ya wiki chache nyingine inafuata. Taa iliyoandikwa kwenye boksi kwamba itadumu saa 25,000 nimeitoa baada ya miezi minne. Kilichobaki ni kibao cha elektroniki, alumini kidogo na plastiki, hakifai kuchomwa wala kuliwa na mbuzi. Zile za kuchaji zinazowaka umeme ukikatika ndizo za kuogopa zaidi, zina betri ya lithiamu ndani, na betri hiyo ikipondwa kwenye gari la taka inaweza kuwasha moto. Nazo zinahitaji kona yake kwenye lile kontena, mbali na tyubu.

Hapa nawageukia mnaoshika ubora wa bidhaa. Taa feki si hasara ya mnunuzi tu. Kila feki moja ni taka tatu kwa mwaka mahali ambapo ingekuwa taka moja kwa miaka mingi. Mnapokamata mzigo wa feki bandarini au dukani mnapunguza taka za Dodoma, pengine kuliko gari lolote la taka. Kamateni zaidi.

Nilishazunguka na swali hili. Ofisi ya kwanza walinisikiliza vizuri, wakanipa kiti, kisha wakaniambia hilo ni la ofisi ya pili. Ya pili wakasema ni la ya kwanza. Dada mmoja wa mapokezi, kwa nia njema kabisa, alinishauri nizitupe kidogo kidogo, tatu tatu kila wiki, hakuna atakayeona. Sikukasirika. Ndicho anachofanya kila fundi mjini hapa, nami nilikifanya kwa miaka mingi kabla ya yule binti kujipaka poda.

Kwa hiyo sitaki majibu marefu. Andikeni sentensi moja yenye jina la mahali, siku na saa za kufungua, mibandiko ya ofisi za mitaa itatosha, na mafundi tutaambizana wenyewe kwenye magrupu yetu. Mimi nina guta la kukodi ninalolitumia kubebea mabomba na nyaya. Siku mtakayotangaza, enejisava 148 na tyubu 63 zitakuwa mlangoni kwenu kabla ya saa nne asubuhi, zote nzima, kwenye maboksi, na lile kopo la maziwa nimelishika mkononi.

Wenu,

Fundi umeme,
Nkuhungu, Dodoma